Baba anataka sheria, mimi nataka mifumo ya nishati. Wakubwa wa Lubumbashi, nishaurini

MtotoWaKatuba | Jumapili, saa 3:10 usiku

Jambo wakubwa kwa wadogo.

Nimepata diploma ya Serikali mwaka huu, ile ya kumaliza sekondari, upande wa hesabu na fizikia. Baba ameshaamua: sheria. Sababu yake ni moja tu, mdogo wake ni avoka, wakili, na hajawahi kulala njaa. Mimi nataka uhandisi wa nishati. Nikisema hivyo nyumbani, mjomba anacheka, anauliza kama nitapanda nguzo na kitambaa changu kiunoni.

Nieleze imetoka wapi. Mwezi wa tatu transfo (transfoma) ya mtaa wetu, hapa Katuba, iliungua, saa 1 jioni, sisi tuko mezani. Tulisikia mlio kama wa tairi la kamiyo, halafu harufu ya mafuta. Wiki 11 gizani. Kila lupango, yaani kila kiwanja chenye nyumba, ilichangishwa, waliochanga wakanuniana na wasiochanga, na transfo iliporudi kila mtu alishangilia. Hakuna aliyeuliza kwa nini ile ya kwanza iliungua. Mimi nimeuliza, na kila mtu ananijibu "mzigo mkubwa". Mkubwa kiasi gani? Hakuna anayejua.

Sasa maswali. Najua Politekiniki ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ina elektromekaniki, umeme pamoja na mashine. "Mifumo ya nishati" ni kitu tofauti, au ni jina jipya la kitu kile kile? Kuna kazi? Na kwa msichana, hali ikoje mle ndani?

Fundi_Fyuzi | Jumapili, saa 3:42 usiku

Mdogo wangu, miaka 14 napanda nguzo na sijawahi kukaa chuoni hata siku moja. Wahandisi wanakuja na kofia nyeupe, wanashika karatasi, halafu wananiuliza mimi kebo hii inaenda wapi. Ukitaka kujua koranti, huu umeme, njoo nikufundishe miezi 6. Hiyo miaka 5 mtu anaoa na kuzaa.

Kamalondo_Daima | Jumapili, saa 3:50 usiku

Sheria. Baba hakosei. Nimemaliza.

Elektro_Kasapa | Jumapili, saa 4:25 usiku

Dada, usimsikilize huyo wa "nimemaliza", hajaanza.

Mimi niko masta ya pili, elektromekaniki. Nikujibu moja moja, ila nitarefusha pale ninapopapenda.

Kwanza jina. Anayesoma umeme mtupu anajifunza mashine na waya: alternata, transfo, ulinzi, motori. Anayesoma mifumo ya nishati anachukua hayo hayo, anaongeza maji, joto, jua, mafuta, halafu anaongeza kitu ambacho wengi hawakitarajii, yaani pesa na muda. Swali lake ni hili: koranti inatoka wapi, saa ngapi, inapotelea wapi njiani, na nani anailipa. Mhandisi wa mashine atakwambia mota hii ina kilowati 15. Wa mifumo atakuuliza inawashwa saa ngapi, na nani mwingine anawasha saa hiyo hiyo.

Kwa hapa kwetu ushauri wangu ni uingie elektromekaniki, upate mfupa, halafu masta ndiyo uigeuzie kwenye nishati. Sasa tuko kwenye LMD, lisansi miaka 3 na masta 2, siyo tena ile graduat ya wakubwa wetu. Miaka miwili ya mwanzo hutaona hata waya. Ni hesabu, fizikia, kemia, michoro. Wengi wanaanguka hapo. Wana akili zao, ila walidhani watapewa bisibisi siku ya kwanza. Baadaye inakuja termodinamiki, mwendo wa maji kwenye bomba, elektroteknike. Utafika kwenye hesabu moja ya kugawa mzigo kwenye mtandao wa nyaya, unakisia volti za kila kituo, unapima kosa, unakisia tena, mpaka kosa linakuwa dogo. Kwa mkono, mtandao wa vituo vitatu unamaliza kurasa nne. Kwa Python ni kufumba na kufumbua. Jifunze Python mapema, hata kwa simu. Kuna programu ya bure inaitwa PyPSA, imeandikwa kwa Python, inapanga mtandao mzima wa nchi kama ukitaka. Mimi niliijaribu kwa hii mitambo yetu ya Katanga, kompyuta ikapata homa lakini ilimaliza.

Baada ya lisansi kuna milango ya nje. Umoja wa Afrika una chuo chake cha maji na nishati pale Tlemcen, Algeria, wanaita PAUWES, kinatoa masta na wanafunzi wanapata ufadhili. Ouagadougou, Burkina Faso, kuna chuo cha 2iE, wanafundisha kwa Kifaransa, kwa hiyo kwetu ni rahisi. Kigali kuna kituo cha nishati kwenye Chuo Kikuu cha Rwanda, ila huko ujipange na Kiingereza.

Msichana: kwenye promosyo yangu, darasa letu, wasichana walianza 7, wamebaki 4. Wavulana waliobaki ni chini ya nusu. Piga hesabu mwenyewe nani anakimbia.

MzeeTurbini | Jumatatu, saa 11:30 alfajiri

Wanangu, mimi ni mzee, naamka mapema kwa sababu ya mgongo. Nilifanya kazi miaka 31 kwenye mitambo ya maji, kwanza mto Lufira, halafu mto Lualaba. Binti, nikwambie kitu ambacho hata pale chuoni wanakipita haraka.

Mtandao wetu wa Katanga haukujengwa kwa ajili ya Katuba. Mwadingusha, kwenye Lufira, ilianza mwaka 1930. Nzilo na Nseke, kwenye Lualaba, zikaja miaka ya 1950. Zote zilijengwa kwa ajili ya shaba. Mji ulipewa kilichobaki mezani. Ukiliweka hilo kichwani, utaelewa kwa nini nyaya nene zinapita juu ya vijiji na nyembamba zinaingia mtaani kwako.

Halafu Inga, mitambo ya maji ya mto Kongo, mbali kule magharibi. Inga I ni megawati 351, ya mwaka 1972. Inga II ni 1,424, ya mwaka 1982. Kutoka kule mpaka Kolwezi, mji wetu wa migodi, ni kilomita kama 1,700, na laini ile ni ya koranti ya moja kwa moja, volti 500,000. Kwa nini siyo koranti ya kupishana kama ya nyumbani? Kwa sababu kwa umbali ule, ya kupishana inamaliza nguvu kuchaji waya wenyewe, na inahitaji vituo njiani vya kuitegemeza. Ya moja kwa moja inapita kimya, kwa nyaya chache. Lakini ina ubaya wake. Huwezi kuichota katikati. Kila unapotaka kuchota unajenga stesheni kubwa ya kubadilisha, bei ya mlima. Ndiyo maana kuna mama anazaa kwa mwanga wa kibatari chini ya volti laki tano. Mhandisi aliyechora laini ile hakukosea hesabu hata moja. Swali alilopewa ndilo lilikuwa fupi, likiuliza namna ya kufikisha nguvu Kolwezi, basi.

Mifumo ya nishati, nionavyo mimi, ni kujifunza kurefusha swali.

Kamalondo_Daima | Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Muzee ameongea vizuri, lakini kazi? Mtoto kauliza kazi.

Elektro_Kasapa | Jumatatu, saa 6:40 mchana

Kazi, haya. Kutoa tani 1 ya shaba safi kwenye matangi ya elektrolisisi kunakula kilowati-saa kama 2,000. Sasa angalia malori yanayoenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa siku moja, zidisha mwenyewe. Koranti ikipungua, migodi inawasha jenereta za mazuti (dizeli), na lita 1 ya mazuti inakupa kilowati-saa 3, ikizidi sana 3 na nusu. Bosi yeyote anayelipa bili hiyo anatafuta mtu wa kumwambia wapi apunguze. Tena tunanunua koranti Zambia, na mwaka 2024 ukame uliwabana mpaka nchi ikautangaza kuwa janga la taifa, maji ya bwawa la Kariba yakashuka, wao wenyewe wakakaa gizani. Usidhani ukame wa Zambezi haukuhusu wewe wa Katuba.

Halafu sheria, ile ambayo baba yako anaipenda! Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba kwenye umeme. Kampuni binafsi zinaweza kuzalisha, kusambaza na kuuza. Avoka hawezi kuandika mkataba wa aina hiyo bila mhandisi kumwekea namba. Mwambie baba hivyo.

PembeniYaKivu | Jumatatu, saa 1:15 jioni

Salamu kutoka Bukavu. Ninyi wa Katanga mnalia na Inga, sisi tunalia huku tumekaa juu ya chakula. Ruzizi I, mtambo wa umeme wa maji, iko hapa hapa mlangoni, ya mwaka 1958. Ruzizi II tunagawana nchi tatu, sisi, Rwanda na Burundi. Na chini ya ziwa Kivu kuna metani, gesi inayowaka, kama mita za ujazo bilioni 60, imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu kwa sababu ya shinikizo. Unashusha bomba, unaanza kuvuta maji, yakipanda shinikizo linapungua na mapovu yanatoka, na yale mapovu yenyewe ndiyo yanaendelea kuyanyanyua maji. Kama chupa ya limonadi. Ng'ambo, Rwanda, upande wa Kibuye, kituo cha KivuWatt kinatoa megawati 26 kwa gesi hiyo. Upande wetu tunavua tu samaki wadogo, sambaza, juu yake.

Binti akisoma, asisahau na huku.

MamaMakala | Jumatatu, saa 2:50 usiku

Mwanangu ndiye ananionyesha haya mazungumzo. Mimi nauza makala, mkaa wa kupikia, Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi, mwaka wa 19 sasa. Mnaongea Inga, Zambia, metani. Mtu hajataja makala hata mara moja. Bukari (ugali) ya leo jioni mjini humu imepikwa kwa nini?

Elektro_Kasapa | Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mama, umetupiga na una haki.

Ila kwa heshima, makala ni hasara kubwa. Kilo 1 ya makala ina nishati ya kilowati-saa kama 8. Mbabula ya kawaida, jiko la makala, inafikisha kwenye sufuria kama 20% tu, nyingine inaota nayo ukuta. Na kabla ya hapo, kule msituni, tanuru la udongo linataka kuni kilo 5 au 6 kupata kilo 1 ya makala. Ukifuata kutoka mti hadi sufuria, kati ya vipande 100 vya nishati, kwenye bukari vinafika 6 au 7. Miombo yote pembeni ya mji imeisha hivyo, na baiskeli zinaenda mbali zaidi kila mwaka.

MamaMakala | Jumatatu, saa 3:41 usiku

Hilo la baiskeli kweli. Zamani walitoka kwangu asubuhi wakarudi jioni. Sasa wanalala njiani.

Lakini nikuulize, ndugu msomi. Kama ni hasara hivyo, mbona wenye resho, majiko ya umeme, ndio wateja wangu wazuri? Kwa sababu koranti inakuja ikitaka. Gunia linakaa kwenye kona linakungoja wewe.

MzeeTurbini | Jumanne, saa 11:45 alfajiri

Elektro, huyo mama amekupa somo la akiba ya nishati na wewe ulikuwa unamfundisha hasara. Gunia lake ni betri. Tuseme lina kilo 40, ni kilowati-saa 320 za joto. Toa hasara ya mbabula, zinabaki 64 ndani ya sufuria. Niambie bei ya betri ya litiamu inayoweza hivyo, halafu umpelekee mama wa Katuba bei hiyo mbele ya watoto wake.

Binti, wewe umenyamaza. Nakupa kazi kabla hujajaza fomu yoyote. Nenda kwenye transfo yenu, soma kibao chake. Halafu pita kila lupango inayokula hapo, hesabu resho, friji, mashine. Ukirudi na namba, tutajua kama unapenda nishati au umekasirishwa tu na giza.

MtotoWaKatuba | Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 2:30 usiku

Nimerudi. Siku nane, na viatu vimeisha. Watu wengine walidhani natoka ofisi ya kodi, wawili walinifungia mlango, mama mmoja alinipa sombe akaniambia nikae kwanza nile.

Kibao: 400 kVA, ndicho kipimo cha mzigo inaoweza kubeba. Lupango 112, familia 203 kwa sababu wengi wamepangisha. Resho 171. Kati yake 64 zina sahani mbili, nyingine 107 ni sahani moja. Nimechukua wati 1,200 kwa sahani moja, 2,200 kwa mbili, nikisoma chini ya resho pale palipokuwa bado panasomeka. Friji 38, nimeweka wati 150 kila moja. Taa na televisheni, wati 100 kwa familia. Wachomeleaji 2, kilowati 5 kila mmoja. Mashine ya kusaga 1, kilowati 15.

Resho: kilowati 269.2. Friji 5.7. Taa na televisheni 20.3. Wachomeleaji 10. Mashine 15. Jumla 320.2.

Na transfo ni ya 400. Kwa hiyo hata wote wakiwasha kila kitu kwa pamoja, inatosha! Sasa iliungua kwa nini? Nimerudia mara tatu. Ama nimekosea, ama "mzigo mkubwa" ni uongo.

Fundi_Fyuzi | Jumatano, saa 2:58 usiku

Hujakosea. Umeonyesha akili kuliko kofia nyingi nyeupe ninazozijua. Lakini ulihesabu nyumba, hukuhesabu nyaya.

Ile 400 siyo ndoo moja, ni ndoo tatu, fazi tatu, yaani nyaya tatu zinazogawana mzigo. Kila fazi ina kama 133 yake. Ingekuwa nyumba zimegawanywa sawa, usingekuwa na shida. Sasa sikiliza nikuambie siri ya mtaa. Fazi moja ikiwa dhaifu, taa zinawaka kama mshumaa, mtu ananiita usiku: fundi, nihamishe kwenye ile nzuri. Ananipa kitu kidogo, napanda, nahamisha. Jirani anaona, naye ananiita. Mwezi hauishi ile nzuri imekuwa ndiyo mbaya.

Katuba kule sikumbuki kama ni mtaa wenu. Lakini mimi peke yangu nimehamisha nyumba kama 30 kwenye avenyu moja.

MtotoWaKatuba | Jumatano, saa 3:07 usiku

Yaya Fundi!! Nusu ya mzigo ikiwa kwenye fazi moja, ni kilowati 160 kwenye ndoo ya 133. Imezidi kwa 20%. Ni wewe uliyetuunguzia!

Fundi_Fyuzi | Jumatano, saa 3:11 usiku

Mimi na mafundi wengine wote wa mji huu, dada. Na walionilipa.

MzeeTurbini | Alhamisi, saa 11:20 alfajiri

Sasa tunasoma.

Kuna kipande kimoja bado. Binti umesema "hata wote wakiwasha kwa pamoja". Anayepanga mtandao huwa hafikirii hivyo. Anajua huyu anapika saa 11, yule saa 1, mwingine ameshakula. Kwa hiyo anachukua sehemu tu ya jumla, pengine nusu, na ndivyo transfo moja inavyoweza kulisha nyumba nyingi. Hesabu hiyo ni ya haki, mahali ambapo koranti iko muda wote.

Lakini hapa tuna delestaji. Koranti inakatwa saa 4 asubuhi, inarudi saa 12 na nusu jioni. Kila resho iliachwa swichi wazi, ili mtu ajue imerudi. Friji zote zimepata joto, kompresa zote zinataka kuanza kwa dakika moja, na kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Kila mama amekuwa akingoja kwa muda wa saa nane kuokoa makala yake. Wanawasha wote. Ile saa ndiyo pekee ambapo jumla yako ya 320 ni ya kweli, na nusu yake iko kwenye fazi moja. Mafuta ya transfo yanachemka, karatasi ya ndani inazeeka. Joto likizidi nyuzi 6 juu ya lililopangwa, umri wake unakatika nusu.

Umesema iliungua saa 1 jioni. Siku hiyo koranti ilirudi saa ngapi?

MtotoWaKatuba | Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Saa 12 na robo. Nakumbuka kwa sababu tulishangilia.

Elektro_Kasapa | Alhamisi, saa 7:15 mchana

Miaka minne darasani na nimeyaona haya kwenye uzi wa bure. Yaani tunakata ili kuokoa mtandao, na kule kukata ndiko kunakokusanya mzigo unaoua transfo, transfo ikifa tunachangishana, na wale wasiochanga wanahamia fazi ya jirani. Dada, hiyo ni memwari, kazi ya kuandika ya kumaliza lisansi, tayari, na mimi bado natafuta mada yangu ya masta. Nisaidie kutoipokonya.

PembeniYaKivu | Alhamisi, saa 1:02 jioni

Bukavu ni vilevile. Nitapita avenyu yangu nihesabu.

MtotoWaKatuba | Jumamosi, saa 2:20 usiku

Baba amesoma karatasi zangu. Alikaa nazo muda mrefu, akauliza nani aliniruhusu kuingia kwa watu. Halafu akasema hesabu haina bei: transfo mpya ilitugharimu kiasi gani, na kumlipa mtu wa kupanga fazi upya kungegharimu kiasi gani. Nilikuwa sijafikiria. Ya kwanza ninayo, nilikuwa naandika majina ya waliochanga. Ya pili, Yaya Fundi, niambie bei yako ya kweli, siyo ya usiku.

Hajasema ndiyo. Lakini pesa ya fomu ya Politekiniki ameiweka juu ya meza, hakuitaja.

Nina tatizo lingine. Nusu ya mzigo kwenye fazi moja ni maneno tu, sijapima. Nani ana pense ya kupimia ampea?

Fundi_Fyuzi | Jumamosi, saa 2:34 usiku

Ninayo, inafika ampea 1,000, kwa ndoo yenu inatosha. Kwenye transfo napanda mimi, wewe unaandika chini. Inabidi tupime dakika ile koranti inaporudi, na dakika hiyo hakuna anayeijua. Tutakaa kungoja.

MamaMakala | Jumamosi, saa 2:51 usiku

Mkingoja, chai nitaleta mimi. Na mbabula yangu.